Mengineyo

Mkutano wa kijiji Itobelo una agenda saba,
na ya saba ni mengineyo.
Mwenyekiti huifikia jua likishakaa juu ya mabani ya tumbaku,
watu wakishakumbuka mbuzi hawajafungwa.

Mimi ni mpimaji. Mwaka wa kumi na tisa huu
nasimama kwenye mizani ya chama cha msingi.
Robota likipanda, mkulima haangalii mshale,
anaangalia mdomo wangu.

Msimu ule tulikatwa shilingi hamsini kwa kila kilo.
Hamsini haimuumi mtu. Hamsini ni pipi.
Zilipita kilo elfu tisini na tatu na mia mbili,
nami nina ugonjwa wa kuzidisha, nikazidisha:
milioni nne, laki sita na elfu sitini.
Mabati mia moja ishirini na mawili ya zahanati,
ikabaki elfu ishirini na nne ya misumari.
Niliyapokea mwenyewe. Niliyahesabu mara mbili, yakanichana kidole,
nikayaandika kila moja pembeni herufi Z
kwa rangi ya bluu iliyobaki kwenye mlango wa stoo.

Halafu ikaja kauli: yahamie kata, kwa usalama.
Usalama ulikuja na trekta saa tatu usiku.

Nyamizi hakuweza kuisubiri zahanati.
Alijifungulia njiani kuelekea Sikonge, kwenye baiskeli ya shemeji yake,
karibu na lile daraja la magogo.
Mtoto alilia mara moja.
Sitaongeza neno hapo.

Mwaka wa kura ukafika.
Fulana zilitangulia, zikafuata sufuria za kukodi kutoka mjini Tabora,
mwisho mgombea mwenyewe, kiatu hakina vumbi.
Akasema, "Kutoka mfukoni mwangu,
mabati arobaini kwa ajili ya shule yenu!"
Vigelegele. Mikono yangu ilipiga makofi kabla sijaituma.
Nikasogea kusaidia kushusha,
na pale pembeni nikaona: petroli imeifuta bluu,
kivuli cha Z kimebaki, kama kovu la ndui.

Ng'ombe hakamuliwi, akapewa kikombe cha maziwa yake,
akaambiwa ashukuru.
Sisi tulipewa. Tulishukuru. Tulipigwa na picha.

Tangu siku hiyo natembea nikitazama mapaa.
Thelathini na moja yako kwenye baa ya shemeji wa diwani.
Mvua ikinyesha naingia, naagiza soda moja,
nasikiliza hela yetu ikipigwa.
Hamsini na moja bado sijayaona.
Naandika nyuma ya daftari la kaunta,
baada ya kurasa za watu wanaomdai mke wangu sabuni,
hapana, anaowadai yeye. Usiku nachanganya.
Na kwenye ubao wa matangazo,
panapotakiwa taarifa ya mapato na matumizi,
kuna misumari minne na kona ya karatasi.
Labda ndiyo ile misumari ya elfu ishirini na nne.

Jana tulifika mengineyo.
Mwenyekiti alishaanza kukunja karatasi,
mtendaji alishafunga faili kwa kamba yake,
Nyamizi akainuka. Hakuuliza swali. Alisema,
"Mpimaji, soma."

"Muda umekwisha," akasema mwenyekiti,
na kweli ulikuwa umekwisha, giza lilishashuka.
Waliokuwa wamesimama kwenda kwa mbuzi wao
waligeuka wakaniangalia mdomo.
Goti langu la kushoto lilitetemeka, sitaki kudanganya.
Nikafungua nyuma ya daftari, sikuona kitu.
Kijana mmoja akaniwashia tochi ya simu.
Kisha mwingine.

Nikaanza na hamsini.